Ukoo Wetu Umeandikwa Wapi?

(Mazungumzo yaliyotolewa Mombasa mbele ya vijana na wazazi wao, baada ya swala ya Alasiri, katika darsa za mwezi wa Ramadhan. Tumeyaandika kama yalivyosemwa, kwa kufupisha kidogo.)

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu (S.W.T.) aliyetufikisha tena katika mwezi huu mtukufu, na tunamuomba atufikishe Idd tukiwa wazima. Sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana ambao najua mmeshaanza kutazama saa: sitawaweka sana, na futari haikimbii.

Mada niliyopewa ni kutafuta historia ya ukoo. Huenda kuna anayejiuliza moyoni, haya ya kupekua makaratasi ya kale yana uhusiano gani na dini, tena ndani ya Ramadhan? Swali zuri. Tuanze na hilo.

KWA NINI TUJISHUGHULISHE?

Katika hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, Mtume wetu (S.A.W.) alituhimiza tujifunze katika nasaba zetu kile kitakachotuwezesha kuunga jamaa zetu. Angalieni vizuri, elimu hiyo imewekewa kazi yake. Nasaba inatafutwa ili udugu uungwe. Na Suratul Hujurat, aya ya 13, inatufundisha kwamba mataifa na makabila yamewekwa ili watu wajuane, na mbora wao mbele ya Mwenyezi Mungu ni mwenye taqwa. Kwa hivyo yeyote anayetaka kwenda kutafuta babu mkubwa ili aje atambe barazani, huyo mada hii haimhusu. Akae na usingizi wake.

Sababu ya pili inagusa haki za watu. Tuchukue mfano. Babu amekufa mwaka 1948. Mkewe na wazazi wake walishatangulia. Ameacha shamba la minazi na watoto wawili, mmoja wa kiume na mmoja wa kike. Kwa hukumu ya mirathi, wa kiume ana mafungu mawili na wa kike fungu moja, yaani theluthi ya shamba ni ya yule binti. Lakini hawakugawanya. Walisema, tuache tu, sisi ni ndugu. Na yule binti naye akafa mwaka huo huo wa 1948, akaacha watoto.

Leo wajukuu wa pande zote mbili wako mbele ya kadhi. Barabara imepita karibu na shamba, bei imepanda, na wanatazamana kwa jicho baya. Kadhi anauliza jambo moja: nani alitangulia kufa, babu au binti? Kama binti alikufa mwezi mmoja baada ya baba yake, ile theluthi ilishakuwa mali yake, na inawashukia warithi wake mpaka leo. Kama alikufa mwezi mmoja kabla, hakurithi kitu, na watoto wake hawana fungu hapo maadamu mjomba wao alikuwa hai. Shamba zima limesimama juu ya mwezi mmoja, na wanaoujua mwezi huo wamo makaburini.

Mnaona? Tarehe ya kufa mtu tunaiona jambo dogo, la kuandika kwenye ukuta wa kaburi na kusahau. Kumbe ni haki ya yatima wa watu. Aliyeiandika amewasitiri wajukuu zake na ugomvi. Aliyeipoteza amewaachia fitina, hata kama hakukusudia.

Sababu ya tatu mnaijua nyinyi vijana kuliko mimi. Ni ile ya "lete karatasi ya baba, lete ya babu". Kwa miaka mingi vijana wa kaskazini, Wanubi na wengi wetu hapa pwani wamepitishwa kwenye mahojiano ya ziada kabla ya kupata kitambulisho. Mwezi wa Februari 2025 Rais alitangaza huko Wajir kwamba mahojiano hayo yaondolewe katika sehemu za mipakani. Ndugu zetu Wapemba wa pwani ya Kenya, waliokaa hapa vizazi na vizazi, walitambuliwa rasmi mwaka 2023. Wanubi wa Kibra walipata hati ya pamoja ya ekari 288 mwaka 2017, baada ya madai ya miaka mingi. Katika madai kama hayo, karatasi ya zamani ni shahidi asiyekufa na asiyebabaika.

ANZA KWA NYANYA

Sasa tuingie kazini. Kosa la wengi ni kukimbilia ofisini. Unafika mbele ya karani, anakuuliza, "Unatafuta nini?" Unajibu, "Natafuta ukoo wangu." Karani wa watu afanye nini na jawabu hilo? Daftari halijui ukoo. Daftari linajua jina, mwaka na mahali. Na hivyo vitatu viko nyumbani, kwa nyanya.

Hebu nenda kwake baada ya futari, si kabla, mtu ana njaa. Mwambie unataka kuandika. Weka simu yako irekodi, kwa ruhusa yake, lakini uwe na daftari pia, maana simu zaibiwa na zaanguka majini. Usimuulize "Nyanya, historia yetu ni ipi?" Atakuambia, "Mjukuu wangu, sisi ni watu wa hapa hapa." Muulize vitu vya kushikika. Mama yako aliitwa nani, binti nani? Alizaliwa mtaa gani? Uliolewa msikiti gani, na aliyefunga ndoa ni nani? Ndugu zako waliokufa wadogo ni wangapi? Nani alihama, akaenda Lamu, Unguja, Tanga, Ngazija? Shamba lilikuwa wapi, na jirani wa upande wa kibla alikuwa nani?

Miaka hatakutajia, au atakutajia ya kukisia. Basi muulize matukio. Ulikuwa umeshaolewa wakati wa uhuru? Hiyo ni Disemba 1963. Na baba yake, alikuwa mtu mzima wakati wa vita vya Mjarumani? Hiyo ni 1914 hadi 1918. Ukipata matukio mawili, moja kabla na moja baada, umeshaupata mwaka kwa karibu.

Na kuna jambo moja ambalo hulikuti katika ofisi yoyote ya serikali duniani: nani alimnyonyesha nani. Zamani nyumba zilikuwa wazi, mama mmoja akiumwa jirani anamchukua mtoto na kumpa ziwa. Kwa sheria yetu, kunyonya huko kukitimia masharti yake, kunaleta udugu, na ndugu wa ziwa hawaoani. Elimu hiyo iko vifuani mwa wazee peke yake. Mzee akifa, imekufa. Hivyo basi muulizeni nyanya na hilo pia, mliandike, kabla ya posa hazijapelekwa.

KISANDUKU CHA CHINI YA KITANDA

Ukimaliza kwa nyanya, muombe akufungulie kisanduku. Kila nyumba ina kisanduku, au mkoba, au bati la biskuti. Humo mna hati ya ndoa, vyeti vya kuzaliwa, pasi ya Haji, risiti za kodi ya nyumba, barua kutoka Unguja, picha zenye maandishi nyuma. Na Msahafu wa zamani: fungua kurasa za mwanzo na za mwisho. Wazee wetu wengi waliandika humo siku ya kuzaliwa watoto, kwa khati za Kiarabu.

Piga picha kila kitu, mbele na nyuma. Karatasi ya zamani usiipeleke ikatiwe plastiki ya moto, utaiharibu na haitatoka tena. Iweke ndani ya bahasha safi, mahali pakavu, mbali na mchwa na unyevu wetu huu wa pwani. Asili ibaki kwa mwenyewe, wewe chukua nakala.

Khati za Kiarabu zikikushinda, mpelekee mwalimu wa madrasa. Hati nyingi za Waswahili wa zamani zimeandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na mzee aliyezizoea atakusomea kama anasoma gazeti.

MAHAKAMA YA KADHI NA OFISI YA ARDHI

Sasa una jina, mtaa na mwaka wa kukisia. Toka nje.

Mwaka 1906 serikali ya Kiingereza ilitunga sheria ya kuandikisha ndoa na talaka za Waislamu. Sheria hiyo ilidumu mpaka ilipofutwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014. Maana yake, kwa zaidi ya miaka mia moja kulikuwa na sheria ya kuweka madaftari ya nani kamuoa nani. Nyanya yako, ambaye jina lake huenda hulioni kwenye hati yoyote ya shamba, hapo yumo, na jina la baba yake limo. Tena mirathi iliyopitia kwa kadhi ina orodha ya warithi. Karatasi kama hiyo moja inaweza kukupa vizazi viwili kwa mpigo. Nenda kwa adabu, eleza uhusiano wako na unayemtafuta, ulizia utaratibu na ada. Usitarajie kupewa siku hiyo hiyo, madaftari ni mengi na makarani ni wachache.

Ofisi ya ardhi nayo ina hazina yake, lakini ni hazina yenye uchungu. Mwaka 1908 ilitungwa sheria ya hati za ardhi kwa ajili ya pwani. Kila anayedai ardhi alitakiwa apeleke madai yake kwa ofisa aliyewekwa, na aje na ushahidi. Ardhi ambayo haikudaiwa ilihesabiwa kuwa ya serikali. Wako waliosikia habari hiyo wakaenda, na wako ambao hawakusikia, au hawakuwa na karatasi, au waliona ni ajabu kwenda kudai shamba la baba zao kwa mgeni. Mwaka 1922 shughuli ya kusikiliza madai ikasimamishwa, na sheria yenyewe ilikuja kufutwa mwaka 2012. Lakini machungu ya uskwota mnayoyasikia pwani mpaka leo, mizizi yake mingine imo humo.

Kwa mtafuta ukoo, madai yale na hati za kuuziana ni kama picha ya mtaa mzima. Hati ya zamani haikutaja mnunuzi na muuzaji tu, ilitaja na mipaka: kaskazini shamba la fulani bin fulani, kusini nyumba ya fulani binti fulani. Unaweza usimpate babu yako kama mwenye shamba, ukampata kama jirani au kama shahidi wa jirani. Na msishangae kuwakuta wanawake wengi. Mama zetu walimiliki, waliuza na waliweka wakfu. Katika hilo msisahau kumbukumbu za wakfu: sheria ya kusimamia wakfu ilikuwapo tangu mwaka 1900, na kila wakfu una aliyeutoa, na kila aliyeutoa ana jina na baba.

JUMBA LA KUMBUKUMBU ZA TAIFA

Pale Nairobi, Moi Avenue, lipo jengo ambalo kila mtu anapatania miadi mbele yake, mkabala na ilipokuwa hoteli ya Hilton. Wengi wanalijua kwa nje. Zamani lilikuwa benki, leo ndilo Jumba la Kumbukumbu za Taifa, taasisi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1965. Ghorofa ya chini kuna vitu vya sanaa alivyokusanya Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa pili wa Kenya. Wanafunzi wanaangalia vinyago wanatoka. Wewe ulizia chumba cha kusomea.

Humo unajiandikisha, unalipa ada ndogo, unapekua orodha na unaandika namba ya faili unayoitaka. Faili za mkoa wetu utaziona zimeanza na PC/Coast. Za wilaya, kama Mombasa ni DC/MSA na Kilifi ni DC/KFI. Chukua penseli, vyumba vya nyaraka havipendi wino. Kwa kawaida faili za serikali hufunguliwa zikitimia miaka 30.

Utakuta nini? Ripoti za kila mwaka za DC, barua za maliwali na mamudiri, malalamiko ya wananchi, kesi za mipaka, habari za njaa na maradhi. Niseme ukweli, usiende ukitarajia kufungua faili na kukuta shajara ya ukoo wako. Mara nyingi utakuta jina moja katika kurasa mia mbili. Lakini jina hilo moja litakuambia babu alikuwa mzee wa mtaa, au alitozwa faini, au alitia sahihi barua ya kulalamikia kodi.

Na kuna pengo. Mwaka 1939 moto uliunguza ofisi kuu ya serikali Nairobi, na nyaraka nyingi zikateketea. Usipoona kitu usikate shauri kwamba hakikuwepo. Baadhi ya nakala ziko pahali pengine: miaka ya sitini, Chuo Kikuu cha Syracuse cha Marekani kilipiga filamu ripoti nyingi za mikoa na wilaya. Na kwa kuwa ukanda wetu huu wa pwani ulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar kwa jina mpaka Disemba 1963, ukoo wenye mkono Unguja na utazame Nyaraka za Zanzibar, pale Kilimani.

Ama vyeti vya kuzaliwa na vya kufa, msivitegemee sana kwa wazee. Uandikishaji ulianza kwa Wazungu mwaka 1904, na Waafrika wengi walifikiwa karne ikiwa imeshapita nusu. Kwa hiyo babu kutokuwa na cheti si ajabu wala si aibu, wala hakumfanyi kuwa mgeni.

MAKTABA

Kuna wanaodhani maktaba ni ya wanaojiandaa na mtihani. Hapa Mombasa tuna maktaba ya Fort Jesus, na Lamu kuna maktaba ndani ya Ngome. Humo kuna vitabu vya utafiti ambavyo wazee wa mitaa yetu wenyewe ndio waliohojiwa. Kipo kitabu cha Sarah Mirza na Margaret Strobel kilichotoka mwaka 1989, na toleo lake la Kiswahili, Wanawake Watatu wa Kiswahili, likatoka mwaka 1991. Ni akina mama watatu wa Mombasa wanasimulia maisha yao: ndoa, ngoma, unyago, riziki. Frederick Cooper na Justin Willis wameandika juu ya mashamba, watumwa na miji ya pwani. Ukishika kitabu kama hicho, anza na orodha ya waliohojiwa na maelezo ya chini ya kurasa. Hapo ndipo mtafiti anapokuonyesha karatasi aliikuta wapi.

Magazeti pia. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, ambaye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu, alianzisha Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932. Gazeti rasmi la serikali lipo tangu 1899, na humo hutangazwa mirathi, hati zilizopotea na leseni. Nakala zake nyingi za zamani zinasomeka bure kwenye intaneti kupitia Google Books. Vijana, simu hizi mnazochezea usiku kucha zina kazi hiyo pia. Na maandishi ya msikiti wa Riyadha wa Lamu yamepigwa picha chini ya mpango wa British Library wa kuhifadhi nyaraka zilizo hatarini, yanaonekana kwenye intaneti. Katika vitabu vya namna hiyo, ukurasa wa kwanza mara nyingi una jina la mwenye kitabu au la aliyekiweka wakfu.

SOMA KWA AKILI

Niwape tahadhari tatu, kwa haraka.

Kwanza, majina. Karani wa Kiingereza aliandika alivyosikia. Muhammad mmoja utamkuta Mahomed, Mohamed na Muhamadi, na Mwana Hamisi utamkuta kama neno moja au mawili. Tena zamani hatukuwa na jina la ukoo kama Wazungu. Ali bin Said, mwanawe ni Said bin Ali, mjukuu ni Ali bin Said tena. Ukiona Ali bin Said wawili, hakikisha kwa mama, kwa mtaa na kwa mwaka kabla ya kusema huyu ndiye.

Pili, tarehe. Mwaka wetu wa Hijria una siku kama 354, kwa hivyo miaka 33 ya Hijria ni sawa na kama 32 ya miladi. Hati ya 1325 ni ya 1907. Na ukiona bei imeandikwa kwa rupia, jua hati hiyo ni ya kabla ya shilingi, iliyoingia mwanzoni mwa miaka ya 1920.

Tatu, kabila. Enzi za ukoloni, mtu alipata haki kulingana na sanduku aliloandikwa: kodi gani atoe, abebe kipande au asibebe, apige kura au asipige. Ndiyo maana mtu mmoja unaweza kumkuta ni Mswahili katika karatasi hii na Mwarabu katika ile. Neno lile linatuambia sheria ya siku hiyo kuliko linavyotuambia damu yake. Msije mkagombana barazani kwa sababu ya kalamu ya karani.

UKIKUTA USICHOKITARAJIA

Hapa ndipo penye mtihani, na ndipo nilipotaka kufika.

Utumwa pwani ya Kenya ulikuwa halali katika sheria za serikali mpaka mwaka 1907. Si zamani sana, ni wakati wa mababu wa nyanya zetu. Serikali ililipa mabwana fidia, na fidia haitolewi bila karatasi. Kwa hivyo atakayetafuta kwa dhati huenda akakuta kwamba nyanya wa nyanya alikuwa mjakazi, aliyeletwa kutoka bara akiwa mtoto, na jina la baba yake halikuandikwa popote. Au akute kinyume chake: kwamba babu aliyekuwa akitajwa kwa sifa alimiliki watu, na mmoja wao ukoo wake uko mtaa wa pili tu.

Utafanya nini? Wako wanaofunga faili na kurudi na hadithi tamu zaidi. Ndugu zangu, huo ni uongo juu ya nasaba, na dini yetu imeukataza vikali. Hebu tufikiri. Bilal (R.A.) alikuwa mtumwa, na leo tunawaita watoto wetu kwa jina lake. Mama aliyechukuliwa akiwa mtoto, akapoteza lugha yake na wazazi wake, kisha akalea wana wakasoma Qur'ani, huyo ana haki ya kuombewa dua kwa jina lake kuliko kufichwa. Mmoja katika wale akina mama watatu wa kile kitabu, Mishi wa Abdala, alikuwa wa asili ya watumwa, na aliyasimulia mbele ya watu na jina lake likapigwa chapa. Kama yeye hakuona haya, sisi tunaona haya ya nini?

Na aliyekuta upande wa mabwana, asiende kujisifu wala asijifiche. Aende mtaa wa pili akaamkue. Huenda ni jamaa zake wa damu.

Ila habari hizo zina adabu yake. Jambo likikugusa wewe, una hiari kulisema. Likimgusa mwingine, la talaka, la mtoto, la utumwa, usilitoe bila ya ruhusa yake. Haifai kutumia faili kumtukana mtu au kuvunja posa ya watu. Na msitupe hati za mashamba na vitambulisho vya wazee katika makundi ya WhatsApp, matapeli wa ardhi wamo humo wanasoma. Mwisho, kila ulichokiandika andika na ulikokitoa: nani alisema, lini, daftari gani, namba gani. Neno lisilo na isnadi litaleta ugomvi mwingine baada yako.

KAZI YA RAMADHAN HII

Sitaki mwende Nairobi kesho. Nataka kila nyumba ifanye mambo matatu kabla ya Idd. Moja, daftari moja linunuliwe. Mbili, mzee mmoja aulizwe, na yaandikwe majina ya wazee wake kwa baba na kwa mama, waume na wake, pamoja na tarehe za kufa kama zinajulikana. Tatu, katika majina hayo, tafuta ukoo mmoja mliopotezana nao, na siku ya Idd mpeleke mguu. Mchukue na sahani ya mahamri, mtu haendi kwa jamaa mikono mitupu.

Baada ya Idd, wenye nafasi waanze na kadhi, kisha ardhi, kisha maktaba. Pengine mtapata kingi, pengine jina moja. Lakini mzee mliyemuuliza atakuwa ameandikwa, na watoto wenu hawatasimama mbele ya kadhi wakiulizwa nani alitangulia, wakakosa la kusema.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atukubalie saumu zetu, awarehemu wazee wetu waliotangulia, tunaowajua kwa majina na tusiowajua, na yeye anawajua wote. Atuunganishie jamaa zetu na atuepushe na kula haki za watu.

Wabillahi taufiq. Wassalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.